Uliza Kwanza, Kisha Unda

Kipofu Bartimayo alipomlilia Bwana wetu kando ya njia ya Yeriko, watu wote walijua kwamba haoni. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka atendewe nini. Wasomaji wapenzi, somo hilo twalisikia kanisani na kulipita upesi. Mimi lilinirudia moyoni sokoni, katika komini ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi.

Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa anajifunza mambo ya kompyuta katika shule ya juu. Jioni moja alinijia na furaha tele. «Mwalimu, natunga programu ya simu kwa ajili ya likelemba za mama wa sokoni, ili wasigombane tena.» Likelemba twaijua sote: kila juma kila mmoja hutoa fedha sawa, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Akanionyesha kazi yake ya miezi minne: rangi za kupendeza, maneno ya Kifaransa, hesabu za kila namna. Nikamwuliza: «Ni mama gani amekuomba haya?» Akanyamaza.

Jumamosi tukaenda kwa mama mmoja mwuza makala, anayetunza fedha za likelemba tangu miaka mingi. Alimsikiliza kijana kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwanangu, kuhesabu najua. Simu yangu ni hii ndogo ya vibonye, na jioni watoto huishika. Umeme ukikosekana siku mbili, simu imelala. Tena ugomvi wetu hautoki katika hesabu. Mwenzetu akifiwa kabla ya zamu yake, nani atampisha? Huyu akileta franka na yule dola, nani atasema bei ya siku ile? Hapo ndipo tunapochukiana.»

Kijana alihuzunika, maana hayo yote hayakuwamo katika programu yake. Lakini hakukasirika. Aliweka simu mfukoni, akafungua daftari, akaandika maneno ya mama moja baada ya jingine.

Basi, wenye kazi ya kompyuta wana jina la maandishi ya namna hiyo: kisa cha matumizi. Msweden Ivar Jacobson aliieleza njia hiyo mwaka 1987. Maana yake si ngumu. Kabla ya kuunda programu, andika ni nani atakayeitumia, anataka kufikia jambo gani, atapita hatua zipi, na mambo yakiharibika itakuwaje. Swali hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linalowagusa maskini zaidi, kwa kuwa tajiri chombo kikimshinda hununua kingine.

Jirani zetu wa nchi ya Kenya wametupa mfano mwema. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone ya Uingereza, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, walijaribu mpango wa kulipa mikopo midogo kwa simu. Wasimamizi wake, Nick Hughes na Susie Lonie, waliona kwamba watu wanautumia kwa mambo mengine: huyu anamtumia mwenziwe fedha, yule anaziweka humo zisiibiwe. Hawakuwakemea, bali waliugeuza mpango wenyewe. Machi 2007 M-Pesa ilitolewa kwa watu wote, kazi yake kubwa ikiwa kupeleka fedha nyumbani. Mwaka 2012 ikafika kwetu Kongo kwa njia ya Vodacom. Chombo hicho kilifaulu kwa sababu wenye kukiunda walikubali kufundishwa na wenye kukitumia.

Kijana wetu naye ameanza upya. Sasa programu yake hufanya mambo machache. Siku ya kukusanya, kila mwanachama hupokea ujumbe mfupi kwa Kiswahili, hata kwa simu ndogo: nani ametoa, na bei ya dola iliyokubaliwa. Alitaka kuongeza jumla ya fedha, lakini mama akamkataza: «Usiandike hiyo, baba. Simu yangu husomwa na wengi, na mwizi hana mlango mmoja.» Na shauri la kumpisha aliyefiwa limebaki kwa mama wenyewe, katika mkutano wao. Wakikwisha kupatana, programu huandika tu walivyopatana. Mama hao wamekubali kuijaribu kwa mzunguko mmoja, huku daftari lao la zamani likiendelea kuandikwa.

Ninyi wanafunzi, msidhani kwamba maneno haya ni ya wenye kompyuta peke yao. Anayetaka kuchimba kisima, kufungua zahanati au kuanzisha chama, yampasa vilevile kuketi kwanza kwenye kigoda cha yule anayetaka kumsaidia. Nanyi wazazi, mtoto akija kuwauliza jinsi mnavyofanya kazi zenu, msimfukuze kwamba anawapotezea wakati. Mwelezeni na matatizo yote, hata yale madogo. Pengine chombo atakachokiunda kesho kitawafaa kwa sababu leo mlimjibu.