Sahani ya elfu hamsini na tisa: Masaki unalipia nini?

Mwisho wa mwezi ukiangukia Ijumaa, Barabara ya Haile Selassie jijini Dar es Salaam haipitiki kirahisi. Magari kutoka Posta, Mwenge na Mbezi yanaelekea upande mmoja, rasi ya Msasani ilipo Masaki, kwenye migahawa ambayo usipobuku meza mapema unaishia kusimama mlangoni. Mezani utawakuta watu wa balozi na mashirika, ndiyo, lakini utawakuta pia Watanzania wengi: wapenzi waliotoka mtoko, familia inayompongeza mhitimu, wazazi wa pande mbili wanaokutanishwa kwa mara ya kwanza kabla ya posa. Wakati wa kurudi nyumbani, garini, swali huwa lile lile: hivi tumelipia nini?

Tupige hesabu. Chukua sahani ya Sh59,000, bei ambayo huko Masaki haimshtui mtu. Kama imejumlisha kodi kwa kiwango cha kawaida, Sh9,000 kati ya hizo wala si za mgahawa. Ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, na mwenye mgahawa anaipitisha tu kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Zinabaki Sh50,000. Wenye biashara hii karibu dunia nzima hujitahidi vitu vinavyoingia kwenye sahani, yaani samaki, siagi, limau, mboga na viungo, visizidi sana theluthi ya bei. Kwa hiyo chakula chenyewe, kikiwa bado kibichi, ni kama Sh15,000 au Sh17,000. Sehemu nyingine ya ukubwa huo huenda kwenye mishahara. Kinachobaki kinagombaniwa na kodi ya pango, umeme, dizeli ya jenereta, gesi, leseni, glasi zinazovunjika na mkopo wa benki. Faida inakaa mwisho wa foleni.

Ndiyo maana hujakaa sawasawa kwenye kiti unaulizwa utakunywa nini. Mvinyo na maji ya chupa ndiyo yanayoubeba mgahawa, kwa sababu hayataki mtu wa kuyamenya wala kuyachemsha; yanafunguliwa na kumiminwa, na bei yake hupandishwa bila huruma. (Kwa nini orodha ya mvinyo ina kurasa mbili za Afrika Kusini na hata mstari mmoja wa Dodoma haumo, hilo mimi sijawahi kujibiwa nikaridhika.)

Bei zenyewe sasa zinasomeka kwa shilingi. Kwa miaka mingi ulikuwa unafungua menyu ya baadhi ya sehemu hapa mjini, unakutana na dola, unaanza kukokotoa kichwani huku mgeni wako anakutazama. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zilipiga marufuku kupanga na kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Bado inafaa kusoma maandishi madogo chini ya ukurasa. Kuna wanaoandika pale kwamba bei haijajumlisha kodi, au kwamba kuna tozo ya huduma itakayoongezwa mwishoni, na mstari huo mmoja unatosha kumwaibisha mtu aliyekuja na bajeti kamili. Risiti ya EFD, yaani mashine za kielektroniki za kodi ambazo nchi ilianza kuzitumia mwaka 2010, nayo idai. Ile karatasi inayoletwa ndani ya kijitabu cheusi mara nyingi ni ankara ya mgahawa tu.

Kwa nini yote haya yako kwenye rasi moja? Jibu liko kwenye ramani ya mkoloni. Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oysterbay, jirani ya Masaki, ilikuwa Uzunguni, yenye viwanja vikubwa, miti, nyumba zilizokaa mbalimbali na upepo wa bahari. Uhuru ulipokuja, waliohamia humo walikuwa wakubwa wapya na wanadiplomasia. Wakati huo mtu akitaka kula kwa heshima alikwenda mjini, hotelini: New Africa, iliyokuwa Kaiserhof enzi ya Wajerumani, au Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo leo ni Hyatt Regency. Miaka ya mwanzo ya themanini, watu wanapanga foleni ya sukari na sabuni, mgahawa wa kifahari ulikuwa jambo la kusikia tu. Kisha akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, biashara ikafunguliwa, na zile nyumba za viwanja vikubwa zikaanza kugeuzwa moja baada ya nyingine: sebule ikawa ukumbi, baraza ikawa baa, bustani ikawekwa taa kwenye matawi ya mwembe. Kwa hiyo sehemu ya ile Sh59,000 inalipia upepo, na upepo huo una historia.

Sasa twende kwenye sahani. Mfano mzuri ni pweza, kwa sababu Dar anauzwa kwa tabaka zote. Jioni, kando ya barabara, muuzaji anamkatakata vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unahesabiwa vijiti ulivyotumia. Pembeni kuna supu yake, ambayo wanaume wa mjini wana imani nayo kubwa na mimi sitaki ugomvi nao. Kilomita chache kutoka hapo mnyiri mmoja wa pweza yule yule unakuja kwenye sahani pana nyeupe, umekaangwa ngozi ikakauka, umelazwa juu ya rojo la viazi, na umezungushiwa matone ya mafuta ya kijani.

Wepesi wa kusema "huu ni wizi" unaisha ukimjua pweza. Ni nyama iliyojaa nyuzi ngumu. Watu wa pwani humpiga mwambani mpaka alainike. Jikoni mwa mgahawa humgandisha kwenye friza kwanza, maana barafu inazikata zile nyuzi, halafu humchemsha kwa moto mdogo saa nzima au zaidi. Akitoka mapema anavutana na meno, akichelewa anakuwa uji. Kazi hiyo inafanyika saa nane mchana, wewe uko ofisini. Saa mbili usiku unapoagiza, mpishi anamalizia tu kwenye kikaango chenye moto mkali, dakika nne au tano, na sahani inafika ukidhani imepikwa sasa hivi.

Nyama ya ng'ombe ni habari nyingine kabisa, na hapa nitasema wazi kwamba Watanzania wengi wanaoagiza nyama Masaki wanaondoka hawajaridhika, na kosa si lao. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Wengi wao ni wa asili, wamekula majani na kutembea umbali mrefu, na huchinjwa wakiwa wakubwa. Nyama yao ina ladha nzuri na ina kazi ya kutafuna, jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye nyama choma ya mnyama aliyechinjwa asubuhi hatulioni kuwa kasoro. Mgahawa wa kifahari unataka kitu tofauti: nyama iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi, karibu na nyuzi joto sifuri, wiki mbili au zaidi, mpaka inajilainisha yenyewe, kisha ipikwe katikati ibaki nyekundu. Wengine huiagiza kutoka nje ya nchi, na bei inapaa hapo hapo. Mteja anaambiwa achague kiwango cha kuiva, anasema "iive kabisa", jikoni wanaguna, nyama ya gharama kubwa inaletwa imekauka. Mhudumu anayeijua kazi yake humshauri mtu huyo, kwa adabu, aagize mbavu au shingo iliyopikwa taratibu kwenye mchuzi. Ataokoa fedha na atafurahi zaidi.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika: mhudumu.

Tuanze na tulivyovipokea kutoka nje. Mpangilio wa jikoni, huyu nyama, yule michuzi, mwingine mboga, kila mmoja na kituo chake na mkubwa mmoja wa kupiga kelele, ulinyooshwa na Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeanza kazi ya mpishi mkuu katika hoteli ya Savoy, London, mwaka 1890. Migahawa yetu imeupokea vizuri. Mtindo wa kuleta sahani moja moja kwa zamu, kitangulizi, kisha mlo mkuu, kisha kitindamlo, hata Wafaransa waliuchukua kwingine. Ulisambaa Ulaya katika karne ya 19 ukitokea Urusi. Kabla ya hapo mezani kwa wakubwa wa Ulaya vyakula viliwekwa vyote kwa pamoja, kama sisi tunavyoweka sinia. Kwa hiyo familia inayoagiza kila kitu kije mara moja, katikati ya meza, watu wachangie, haijafanya ushamba wowote. Itamke hivyo tu: "Leteni vyote pamoja, tutakula kwa pamoja." Jiko lolote la maana linaweza. Na anayetaka kula samaki wake kwa mkono aombe maji ya kunawa. Kama mgahawa hauna birika, aibu ni ya mgahawa.

Kitu ambacho hakijapokewa vizuri ni kumfunza mtu wa kuvitafsiri vyote hivi kwa mteja ambaye hajavizoea. Vyuo vipo. Kenya ilifungua Utalii College mwaka 1975 kwa msaada wa Waswisi. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Utalii na kile cha VETA cha hoteli na utalii, Njiro, Arusha. Lakini ukizunguka Masaki unaona fedha zimekwenda kwenye viti, taa na ukuta wa kupigia picha, na aliyevishwa aproni jana anatumwa mezani leo akiwa amekariri majina ya vyakula tu.

Tofauti ya mhudumu aliyefunzwa na asiyefunzwa niliiona kwa karibu kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja. Meza ya jirani walikuwa kijana na mama yake, mama amevaa kitenge na mtandio. Mhudumu wa kwanza alimpa kijana menyu, akamruka mama, akaanza kueleza vyakula kwa Kiingereza. Mama akaweka mikono mapajani, akatazama bahari. Baadaye zamu ikabadilika, akaja binti mwingine. Alianza kwa mama.

"Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba mwanangu."

"Mama unapenda samaki mwenye miiba au nikuletee asiye na miiba?"

"Wa miiba, lakini asiwe na mafuta mengi."

"Basi kuna changu, tunamchoma. Nitakuletea na maji ya kunawa. Wali au ndizi?"

Maongezi yalikwisha kwa muda mfupi kuliko ule mwenzake aliotumia kusoma orodha ya michuzi. Mama aliagiza, aliulizia pilipili, akaanza kusimulia habari za changu wa Tanga. Samaki ni yule yule na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa mgeni wa mtu. Ukiniuliza sehemu kubwa ya Sh59,000 inapaswa kununua nini, nitakuonyesha yule binti.

Bili nayo ina siasa zake. Kwetu aliyealika ndiye mlipaji, na mwalikwa huagiza kwa kiasi. Akivuka mpaka ataongelewa. Vijana wa ofisini wanachanga, mmoja analipa kwa lipa namba halafu wiki nzima anawakumbusha wenzake kwenye kundi la WhatsApp. Ukialika watu, ushauri wangu ni mmoja: mwambie mhudumu mapema, kando, kwamba bili iletwe kwako na kwako peke yako. Kijitabu kikiwekwa katikati ya meza ya wazazi wa pande mbili, kila mzee atajiona anapimwa.

Lipa namba hiyo hiyo imeleta jambo jingine. Zamani mteja alilipa taslimu, chenji ikarudi, akaacha noti mbili tatu ndani ya kijitabu. Sasa fedha zinakwenda kwenye akaunti ya kampuni kamili, kwa simu au kadi, na mhudumu anabaki na "asante, tumefurahi." Tozo ya huduma iliyochapwa kwenye ankara mteja anaamini ni ya mhudumu, lakini kuna migahawa inayoigawa kwa wafanyakazi wote pamoja na waosha vyombo, na kuna ambako inaishia kwa mwenye mali. Njia ya kujua ni kumuuliza mhudumu, kwa sauti ya chini, meneja akiwa mbali: "Hii asilimia inawafikia?" Wengine hucheka na kusema ndiyo, kila mwisho wa mwezi. Akitazama kwanza upande wa kaunta kabla ya kujibu, mwombe namba yake ya simu umtumie bakshishi yake moja kwa moja.