SUMU TUNAZOISHI NAZO: USALAMA WA NYUMBA WAKATI WA SIKUKUU

Mwezi wa Desemba huukuta mwambao wa Ziwa Tanganyika ukiwa katika mvua. Wakati watu wa Ulaya wanajifungia ndani kwa sababu ya theluji, sisi hujifungia ndani kwa sababu ya mvua na matope. Huko Muhuta, ambako milima huteremka karibu moja kwa moja hadi ziwani, na barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Rumonge imebanwa kati ya mlima na maji, huu ndio msimu wa jamaa kukutana. Askari aliyepata likizo hurejea kwake, aliye zamuni hupelekewa chakula, watoto wako nyumbani, na wageni hulala hata sebuleni.

Hiyo ni furaha ambayo hakuna apendaye kuitia dosari. Lakini nyumba iliyojaa watu, iliyofungwa madirisha kwa ajili ya mvua, na yenye shughuli nyingi za jikoni kuliko siku nyingine, ndiyo nyumba ambamo sumu hupata nafasi. Tusemapo sumu hatuna maana ya vitu vya adui. Tuna maana ya makaa, mafuta ya taa, javeli ya kufulia, sumu ya panya, asidi ya betri, na hata unga wa muhogo usioandaliwa vema. Ni vitu tulivyovinunua wenyewe na kuviweka wenyewe. Kwa hiyo kuvidhibiti kumo katika uwezo wetu.

MAKAA YASIYO NA MOSHI

Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari, na watu wa mwambao wamezoea joto. Lakini apandaye milimani kwenda kuwaamkia wazee hujikuta, baada ya safari isiyo ndefu, mahali panapozidi mita 2,000, penye ukungu na baridi ya usiku. Hapo mwenyeji, kwa ukarimu wake, huingiza mbabula yenye makaa mekundu katika chumba cha wageni na kufunga mlango.

Hatari ya makaa hayo haionekani wala hainuki. Makaa yanapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini, lakini hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida, kumbe damu yake haibebi tena kile inachopaswa kubeba. Kwanza huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyelala hupita kutoka usingizini hadi kifoni bila kuamka.

Dalili hizo hufanana na za malaria au za uchovu wa sherehe, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hapana haja ya kubahatisha: mbabula ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ndugu zetu askari wa zamu nao wana jambo la kujifunza hapa. Kibanda cha mlinzi ni kidogo, na usiku wa mvua hushawishi kuingiza jiko na kushusha turubai. Koti zito na blanketi ni bora kuliko jiko hilo. Sheria iwe moja kwa nyumba na kwa kambi: makaa hayalali na watu, hata yakiwa mekundu na hayatoi moshi. Vivyo hivyo jenereta ya kupigia muziki wa sikukuu ikae nje, mbali na madirisha, wala isiwekwe barazani kwa kuogopa mvua.

Hata moshi wa kuni tulioukubali kama sehemu ya maisha una gharama yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, wengi wao katika nchi zinazopika kwa kuni na makaa. Mama apikaye chakula cha watu ishirini apikie mahali penye matundu mawili yanayoelekeana ili upepo upite, atumie kuni zilizokauka, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni jikoni.

CHUPA YA SODA ISIYO NA SODA

Katika nyumba nyingi mafuta ya taa huwekwa katika chupa ya soda. Siku za kawaida watoto wa nyumba huijua chupa hiyo. Lakini wakati wa sikukuu nyumba huwa na chupa nyingi za vinywaji, na huwa na watoto wageni wasiojua mazoea ya nyumba hiyo. Mtoto mwenye kiu hainusi kwanza, yeye hunywa.

Ubaya mkubwa wa mafuta ya taa hauko tumboni bali mapafuni. Ni mepesi mno, na mtoto anapopaliwa au anapotapika huingia katika njia ya hewa na kuyaunguza mapafu. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi kamwe, wala kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Wala asilazimishwe kunywa maziwa kwa dhana kwamba yataua sumu, kwani maziwa mengi humfanya atapike. Apelekwe kituo cha afya bila kukawia, hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Uhaba wa mafuta ya magari ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umewafanya baadhi ya watu kuhifadhi petroli majumbani. Hilo ni kuweka moto chini ya kitanda. Mvuke wa petroli hutambaa sakafuni na kuifuata mbabula au mshumaa hata ulio mbali. Petroli isikae ndani ya nyumba inayolala watu.

KIDUMU KILIKUWA NA NINI?

Rumonge ni nchi ya michikichi, na hakuna sikukuu bila mawese. Mama anayekwenda kununua mafuta hayo hubeba kidumu alicho nacho. Swali la kujiuliza ni hili: kidumu hicho kilikuwa na nini hapo kabla?

Mwaka 1959 nchini Morocco, hasa katika mji wa Meknès, watu wapatao 10,000 walipooza miguu na mikono katika muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kuwa wafanyabiashara walinunua mafuta ya kulainishia injini za ndege, yaliyouzwa kama masalio na kambi ya jeshi la anga la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kupikia. Mafuta hayo yalikuwa na kemikali inayoharibu mishipa ya fahamu. Funzo lake laihusu kila familia ya askari: kitu cha kambini, cha gereji au cha shambani hakigeuki kuwa cha jikoni kwa kuoshwa tu. Kidumu kilichokuwa na dawa ya wadudu, mafuta ya injini au asidi hakisafishiki kiasi cha kufaa kuwekea chakula wala maji. Kitobolewe ili asije mwingine akakiokota na kukitumia.

Mbegu nazo ni vivyo hivyo. Desemba ni mwezi ambao mahindi na maharagwe ya kupanda huwa bado ndani ya nyumba, mengine yakiwa yametiwa dawa ya kuyakinga na wadudu. Chakula kikipungua na wageni wakiongezeka, jicho huyaangukia. Huko Irak, mwishoni mwa mwaka 1971 na mwanzoni mwa 1972, wakulima waligawiwa mbegu za ngano zilizotiwa dawa yenye zebaki na kupakwa rangi ya onyo. Maandishi ya onyo kwenye magunia yalikuwa katika lugha za kigeni. Watu waliziosha mbegu, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Waliolazwa hospitalini walizidi 6,000, na zaidi ya 450 kati yao walikufa. Mbegu ya dawa ni ya ardhini, haina njia ya kurudi chunguni.

UNGA WA MUHOGO NA HARAKA YA KARAMU

Muhogo ni chakula chetu, na baadhi ya mihogo, hasa ile michungu, ina asili ya sumu iitwayo sianidi. Wazee wetu walijua kuishinda: muhogo humenywa, hulowekwa siku tatu au nne hadi ulainike, kisha huanikwa juani hadi ukauke kabisa. Hatari huja pale mtu anapofupisha siku hizo kwa kuwa soko lina haraka, au jua halikuwaka.

Mwezi Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu waliokula ugali wa muhogo katika msiba waliugua ghafla. Wagonjwa walifikia 98, na wawili walifariki. Unga ulipofuatiliwa ulikutwa umetoka kwa mwuzaji mmoja wa jumla, na ulikuwa na sianidi nyingi kupita kiasi. Tunaona basi kwamba karamu moja, yenye unga wa gunia moja, yaweza kuangusha kijiji.

Mama asiye na hakika na unga alioununua anaweza kufanya hivi: aukoroge na maji hadi uwe mzito wenye unyevu, autandaze mwembamba kwenye mkeka au sinia nje ya nyumba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo asonge ugali. Katika muda huo sianidi hugeuka hewa na kutoka. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu zisitolewe ukungu kwa mkono na kusagwa. Huko Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwaua watu 125.

Tusisahau glasi. Pombe ya kienyeji iliyokorezwa, kama kanyanga, haina mpimaji, na wengine huiongezea methanoli, kemikali ya viwandani isiyotofautiana na pombe kwa macho. Jijini Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliwaua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Mnywaji anayesema asubuhi kwamba anaona ukungu machoni asiachwe alale. Apelekwe hospitali saa ile ile.

USAFI, BETRI NA MAFURIKO

Kabla ya Krismasi kila nyumba husafishwa. Javeli ni dawa nzuri, lakini ni ya kutumiwa peke yake na maji. Ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa hewa ya klorini, na ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoa hewa nyingine inayochoma macho na mapafu. Choo kidogo kisicho na dirisha chatosha kumwangusha mwenye kukisafisha.

Wavuvi wa ndagala nao wana la kwao. Taa za kuvulia usiku siku hizi hutumia betri, na mashua zinapopumzika betri huletwa nyumbani. Ndani yake mna asidi na madini ya risasi, ambayo hudhoofisha akili ya mtoto kidogo kidogo bila dalili ya haraka. Betri zikae bandani, zisipasuliwe na watoto, wala risasi yake isiyeyushwe kwenye jiko la chakula ili kutengeneza vyuma vya nyavu.

Tena, waliokuwapo Rumonge mwaka 2024 wanakumbuka ziwa lilivyopanda na kuingia majumbani. Maji yaingiapo ghalani huzoa dawa za panya, mafuta na viuatilifu vilivyowekwa chini, yakavichanganya na maji ya kisima. Kwa hiyo sumu zote ziwekwe juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mahali hapo pataziepusha na mkono wa mtoto, na pia na maji.

LIKITOKEA LA KUTOKEA

Mambo haya yafaa yakatwe na kubandikwa mlangoni:

1. Aliyevuta hewa ya makaa atolewe nje mara moja. Aokoaye afungue mlango na madirisha kwanza, asikae ndani.

2. Aliyekunywa mafuta ya taa, petroli, javeli au asidi asitapishwe.

3. Aliyemwagikiwa dawa ya wadudu avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Akitokwa na mate na jasho jingi, akitetemeka, na mboni zake zikiwa ndogo, hali yake ni ya hatari.

4. Jicho lililoingiwa na asidi au javeli lioshwe kwa maji safi yatiririkayo kwa muda wa robo saa au zaidi.

5. Asiye na fahamu asipewe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu.

6. Chupa au paketi ya sumu ipelekwe pamoja na mgonjwa, ili mganga ajue anapambana na nini.

Yote haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji nusu siku moja kabla ya wageni kuwasili. Baba na mama wazunguke nyumba pamoja, wamwage kisichojulikana ndani ya shimo mbali na kisima na ziwa, wahamishe kinachofaa, na wawaonyeshe watoto wakubwa sanduku lililofungwa na kuwaeleza sababu yake. Mlinzi mwema huanza kwa kukagua boma lake mwenyewe. Tahadhari kabla ya athari, walisema wahenga, na neno hilo latosha kuwaaga wasomaji wetu wa mwambao na wa milimani, tukiwatakia sikukuu njema na mwaka mpya wenye afya.