Waya wa peni kumi, kiu ya pauni elfu

"Yakhe, omu ngapi leo?"

"Nukta mbili sita. Pacha, geji 24."

"Pamba umebana?"

"Kiasi. Isiungue, isivuje."

Hapo ni jikoni, Leicester, Jumamosi jioni. Mmoja, mwenyeji wangu, ni mtu wa Mombasa, dereva wa teksi wa zamu ya usiku. Mwenzake katoka Unguja. Wote wawili waliacha sigara kwa kuhamia kwenye vepu, na wote wawili hawanunui tena koili dukani, wanazisokota wenyewe. Mimi nilialikwa pilau tu. Kando ya bakuli la kachumbari nikakuta roli ya waya, bisibisi, kibano cha kauri, bunda la pamba nyeupe na kipima omu. Kila nilipouliza kwa nini wanajisumbua, jibu lilikuwa neno moja: bei. Nikaomba karatasi na kalamu.

Tuanze na hesabu wanayoipenda wao. Koili ya kiwandani tuiweke pauni 2.50, na idumu wiki moja. Kwa wiki 52 hiyo ni pauni 130. Mwenyeji wangu hununua roli ya mita 10 kwa pauni 4. Kila koili anaikatia sentimita 12, sehemu yake ikiwa ni mkia wa kushikia, na anafunga mbili kwa pamoja. Roli moja inamtolea jozi 41, kila jozi karibu peni 10. Wala haitupi kila wiki: anachomoa pamba iliyochakaa, anaiwasha koili kavu mpaka masizi yang'oke, anaisuuza, anaivalisha pamba mpya. Waya unakaa wiki nne. Kwa mwaka ni jozi 13, yaani pauni 1.27. Pamba ya pauni 4 inatosha mara 50. Peni 8 kwa wiki, pauni 4.16 kwa mwaka. Jumla pauni 5.43, dhidi ya 130. Vifaa vya kuanzia, tuseme pauni 60, vinarudisha fedha yake kabla ya miezi sita kuisha.

Waya wenyewe ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Ni kazi ya Mswidi Hans von Kantzow, na jina limeungwa kutoka kwenye jina lake na mji wa Hallstahammar, ambako kampuni ilianzishwa mwaka 1931. Ulikusudiwa tanuri za umeme. Ukipata moto, alumini iliyomo hutokeza ngozi nyembamba ya oksidi juu ya waya, na ngozi hiyo ndiyo inayouwezesha kuwaka mara elfu bila kuliwa na hewa. Ni waya mwepesi kuliko unavyodhani: roli ya mita 10 ya geji 24 ina gramu 15 hivi. Kilo moja ni kama mita 687. Kwa mwendo wa jamaa huyu, ingemtosha miaka 220. Nilipomwambia alicheka, akasema wajukuu watarithi.

Basi akaanza kusokota, nami nikahesabu. Geji 24 ina kipenyo cha milimita 0.51. Ukiugawa ukinzani mahususi wa Kanthal, 1.45, kwa eneo la mkato wa waya huo, milimita za mraba 0.205, unapata omu 7 na kidogo kwa kila mita. Akauzungusha kwenye kijiti cha chuma cha milimita 3, mizunguko sita. Kila mzunguko unakula milimita 11, ongeza miguu miwili ya kufungia kwenye skrubu, jumla milimita 74. Jibu: omu 0.52. Zikiwa mbili sambamba, ukinzani unakatika nusu, 0.26. Kipima kikasoma hivyo hivyo, akanitazama kama mwalimu aliyeibiwa mtihani.

Kisha akabonyeza kitufe kwa mikupuo mifupi. Mwanzoni koili zikawaka pembeni, doa jekundu hapa na pale, dalili kwamba mizunguko haijagusana sawasawa. Akazikwaruza kwa ncha ya kauri, akazibana, akabonyeza tena, mpaka rangi ya chungwa ikaanzia katikati na kutambaa kwenda kando, zote mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo pamba ikapita. Ukiiona kazi hiyo unaelewa kwa nini mtu anaweza kuipoteza Jumamosi yake humo.

Sasa tuvute betri mezani. Betri ya 18650 iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya kwa 0.26: ampea 16. Betri kama Samsung 25R imeandikiwa ampea 20, kwa hiyo yumo ndani, lakini bila nafasi kubwa. Angeongeza tamaa akashuka hadi omu 0.1, betri ingedaiwa ampea 42, zaidi ya maradufu ya uwezo wake. Mguu mmoja wa waya ukigusa mahali pasipo pake, ukinzani unakaribia sifuri na deni halina mwisho. Kifaa chenye saketi ya ulinzi kinakataa kuwaka. Vile vya bomba tupu, betri na kitufe basi, havikatai kitu. Wote wawili wanatumia chenye saketi, na katika hili hawana ubishi.

Volti 4.2 kwenye omu 0.26 ni wati 68. Hapo ndipo hesabu ya bei inapogeuka, na ndipo jamaa wote wawili walipoanza kutazama pilau.

Wati hizo zinafanya kazi moja, kugeuza juisi, yaani kimiminika cha vepu, kuwa mvuke. Linganisha na koili moja ya geji 28 kwenye kijiti cha milimita 2.5, mizunguko saba: omu 1.25, wati 14. Betri ikishuka zote mbili zinashuka, uwiano haubadiliki. Kwa kila sekunde ya kubonyeza, jozi ya geji 24 inapokea nishati karibu mara tano, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda kwenye juisi. Mtu anaweza kujitetea kwamba mvuke ukizidi atapunguza nikotini, na kweli wengi hufanya hivyo, kutoka miligramu 12 kwa mililita hadi 3. Lakini fuata njia hiyo uone. Aliyekuwa akipata miligramu 36 kwa siku kwa mililita 3 za juisi kali sasa anahitaji mililita 12 za juisi nyepesi kuzipata zilezile. Nishati inasema mara tano, nikotini inasema mara nne. Nilichukua nne, nisionekane mchokozi.

Nchini Uingereza juisi yenye nikotini haiuzwi kwa mteja katika chupa inayozidi mililita 10. Mililita 12 kwa siku ni chupa moja na ziada, kila siku ya Mungu. Wenye kiu hiyo hukimbilia chupa kubwa zisizo na nikotini, kisha wanachanganya wenyewe. Bajeti ya Oktoba 2024 iliuona mlango huo: ushuru mpya, tarehe yake 1 Oktoba 2026, ni pauni 2.20 kwa kila mililita 10, iwe na nikotini au isiwe nayo. Juu yake inakaa VAT ya asilimia 20, hivyo ni pauni 2.64.

Mililita 3 kwa siku ni mililita 1,095 kwa mwaka: kodi pauni 289. Mililita 12 ni 4,380: kodi pauni 1,156. Tofauti ni pauni 867, kabla hujalipia juisi yenyewe hata senti. Waya na pamba vilimwokolea 124.57. Kwa kila pauni anayoiokoa kwenye koili, koili hiyohiyo itamtoza kama saba kwenye kodi peke yake.

Nikamsogezea mwenyeji karatasi. Akaisoma mara mbili, akampa mwenzake.

"Ami, hesabu yako haina kosa," alisema yule wa Unguja, "ila hujavuta."

Mwenyeji akafungua droo, akatoa waya wa geji 28 ambao ni wazi haukuguswa muda mrefu, akasokota mizunguko saba. Kipima kikasoma 1.3. Akavuta, akapuliza kuelekea taa ya jikoni. Tukausubiri mvuke. Ulipita chini ya taa ukaishia hapo hapo.

"Huu ni mvuke au pumzi ya paka?" akauliza mwenzake.

Akachukua bisibisi, akalegeza skrubu, akairudisha jozi yake.