Maandishi Yaliyopakwa Rangi

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba bahari yaweza kuwa ukuta. Changuu, kisiwa kilicho mbele ya bandari ya Unguja, kilijengwa gereza katika miaka ya 1890, kisha kikafanywa karantini ya abiria. Kwa hiyo habari ya Angel Island, kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya San Francisco nchini Marekani, haiwezi kuwa ngeni kwetu, na tunaona inafaa isomwe na wananchi na watumishi wa serikali pia.

Tangu mwaka 1910 hadi 1940 serikali ya Marekani ilikuwa na kituo huko cha kuwazuia wahamiaji. Walioteseka zaidi ni Wachina, kwani sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa taifa lao. Kila aliyedai haki ya kuingia alihojiwa: kijijini kwenu mna nyumba ngapi? Kisima kiko upande gani? Jamaa yake aliyetangulia naye aliulizwa hayo hayo, na majibu yakipishana, mgeni aliweza kurudishwa kwao. Wengine walingoja siku chache, wengine miezi, na baadhi yao karibu miaka miwili.

Katika kungoja huko walitunga mashairi. Waliyaandika kwa wino juu ya kuta za mbao na kuyachonga kwa kisu, wakieleza uchungu wa kuachana na wazazi, hasira, na haya ya kurudi mikono mitupu. Wakubwa wa kituo waliyahesabu kuwa ni uchafuzi, wakaamuru kuta zipakwe rangi. Mahabusi wakaandika tena.

Wala hawakukaa kila mtu peke yake. Mwaka 1922 waliunda chama chao cha kusaidiana. Wapishi wa Kichina waliofanya kazi kituoni waliwapitishia kwa siri barua za jamaa zao wa mjini. Mwaka 1931 na 1932 vijana wawili waliozuiliwa humo, Smiley Jann na Tet Yee, kila mmoja kwa wakati wake, walinakili mashairi zaidi ya 90 wakatoka nayo.

Jengo la utawala, ambamo wanawake walilazwa, liliungua mwaka 1940, na lolote lililoandikwa humo likapotea. Bweni la wanaume lilisalia, nalo likakusudiwa kubomolewa. Mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, aliyaona maandishi. Wakubwa wake hawakuyajali, naye akamwendea mwalimu wa chuo, George Araki. Wanafunzi na wazee wa jamii ya Kiasia wakashikamana kulitetea jengo, hata mwaka 1976 serikali ya jimbo la California ikatoa dola 250,000 kulihifadhi. Mashairi zaidi ya 200 yametambuliwa, na bweni hilo limekuwa makumbusho.

Mambo haya hayakwisha na enzi hizo. Katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, Australia iliwazuilia wakimbizi waliofika kwa mashua. Mmoja wao, Behrouz Boochani, Mkurdi kutoka Iran, aliandika kitabu kwa simu ya mkononi, akikituma kipande kwa kipande kwa rafiki aliyekifasiri. Mwaka 2019 kilipata tuzo kubwa ya uandishi ya jimbo la Victoria, ilhali wakati huo mwenyewe alikuwa amekatazwa kukanyaga nchi hiyo.

Hatusemi kwamba dola haina haki ya kulinda mipaka yake. Tunasema kwamba aliyezuiliwa hubaki mtu, na maneno yake ni ushahidi ambao majalada ya ofisi hayaubebi. Majalada hutaja jina, meli na hukumu. Hayasemi hukumu ile ilimfanya nini mwenye jina. Ushahidi huo uliokolewa na mpishi, mnakili, mlinzi, mwalimu na jirani, ambao hakuna miongoni mwao aliyekuwa na cheo kikubwa.

Ndiyo maana tunawaomba wananchi wasimwache mgeni peke yake, wala wasione haya kumbebea barua. Na afisa akiona maandishi ukutani, ayasome kwanza kabla hajamwita fundi wa rangi.