Prosesa ya Kompyuta ya Kanisa: Tuulize Kabla ya Kununua

Kompyuta ya mezani ya ofisi ya kanisa ikianza kusuasua, upesi husikika ushauri wa kubadilisha prosesa. Waamini wa Kasoli, ambao wengi hutoa zaka baada ya kuuza pamba, wana haki ya kuuliza: je, prosesa ndiyo yenye ila?

Mara nyingi siyo. Kompyuta ya mwaka 2012 hivi hukwamishwa zaidi na diski yake ya kuzunguka na RAM ndogo. Diski ya SSD na RAM ya GB 8 huleta nafuu kubwa zaidi. Vumbi nalo likiziba feni, prosesa hupata joto na kujipunguza kasi yenyewe. Hapo brashi yatosha. Tena, Intel ya kizazi cha nane, ambacho Windows 11 huanzia, haikai kwenye ubao mama wa kizazi cha tatu.

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, vitunzwe kwa uangalifu. Basi, kabla fundi hajafungua kasha, orodha zote zinakiliwe kwenye diski ya nje, na daftari la karatasi liendelee kujazwa.