Wadukuzi hutambuliwaje kwa mtindo wao wa kuandika programu?

Anayetengeneza programu hasidi hafanyi mzaha na usiri. Hutumia jina bandia, huficha kompyuta yake na kupitisha shambulizi katika nchi kadhaa kabla halijamfikia mlengwa. Lakini kuna kitu kinachomponyoka: mazoea yake.

Programu ni maandishi, na kazi moja inaweza kuandikwa kwa njia nyingi. Kuna anayependa majina marefu yanayoeleweka, mwingine anatumia herufi moja tu, basi. Kuna anayegawa kazi katika vipande vidogo vidogo, mwingine anarundika kila kitu mahali pamoja. Mtu akishazoea, anafanya hivyo bila hata kufikiri, kama vile mwandiko wake wa mkono.

Kompyuta inaweza kuusoma mwandiko huo?

Ndiyo, tena vizuri. Mwaka 2015, mtafiti Aylin Caliskan na wenzake walichukua programu za washiriki wa shindano la Google Code Jam, ambako watu wengi walikuwa wakijibu maswali yaleyale. Kati ya waandishi 250, mfumo wao ulimtambua mwandishi sahihi kwa asilimia 98. Walipoongeza idadi hadi 1,600, usahihi ulikuwa bado asilimia 94.

Tatizo ni kwamba mara nyingi programu hasidi haimfikii mwathiriwa ikiwa maandishi ya kusomeka. Hufika imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, na majina mengi aliyochagua mwandishi yamepotea. Hata hivyo, utafiti mwingine wa Caliskan na wenzake wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mtindo haufutiki wote: kati ya waandishi 100, mwenyewe alipatikana kwa asilimia 96. Mpangilio wa hatua za programu, yaani kipi kinaanza na kipi kinafuata, hubaki na alama ya mwandishi.

Nje ya maabara ikoje?

Huko wachunguzi hutafuta zaidi vipande vilivyotumika tena. Wadukuzi nao hawapendi kuanza kazi upya kila siku.

Mei 2017, programu ya WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Huko Uingereza, baadhi ya hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Siku chache baadaye, Neel Mehta wa Google alionyesha kuwa kipande cha toleo la awali la WannaCry kinafanana na kipande cha programu ya mwaka 2015 ya Lazarus, kundi linalohusishwa na Korea Kaskazini. Desemba mwaka huohuo Marekani iliishutumu hadharani Korea Kaskazini, ambayo ilikana.

Je, mwandiko unaweza kughushiwa?

Hapo ndipo penye hatari. Februari 9, 2018, wakati wa ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini, shambulizi lililopewa jina Olympic Destroyer liliangusha mtandao wa Wi-Fi na tovuti ya michezo. Watu walishindwa hata kuchapisha tiketi zao.

Ndani ya programu hiyo kulikuwa na alama inayoonyesha vifaa vilivyotumika kuitengeneza, na ilifanana kabisa na ya Lazarus. Ilionekana kesi imekwisha. Lakini wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walipochimba zaidi, waligundua kuwa alama hiyo ilisema kifaa kilichotumika ni cha zamani, ilhali programu yenyewe ilijengwa kwa kifaa kipya zaidi. Kumbe alama ilipandikizwa ili lawama ziende Korea Kaskazini.

Oktoba 2020, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki maafisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa shambulizi hilo na mengine. Urusi imekana kuhusika.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Kwa sababu kosa linaweza kuangukia nchi nzima. Shutuma za udukuzi huleta vikwazo na kufukuzana kwa wanadiplomasia, na Korea mbili ni majirani ambao vita vyao vya 1950 hadi 1953 havijawahi kumalizwa kwa mkataba wa amani.

Pia mbinu hiyo haibagui. Inayomnasa mhalifu ndiyo hiyohiyo inayoweza kumfichua mtu anayeandika programu za kuwasaidia wanaharakati kukwepa udhibiti wa serikali, naye ana sababu halali ya kujificha.

Ndiyo maana wachunguzi makini huuchukulia mtindo kama fununu ya kuanzia. Baada ya hapo hufuata barua pepe, akaunti za mitandao ya kijamii, kompyuta zilizokodiwa na njia ambayo pesa ilipita. Vyote vikielekea kwa mtu mmoja, ndipo jina hutajwa.