Leso na Barafu

Anayechagua leso Biashara Street, Mombasa, jasho likimtiririka, akiambiwa Kenya ina timu ya mpira wa magongo wa barafuni, huenda akacheka. Timu ipo: ni Ice Lions wa Nairobi, yaani Simba wa Barafu. Mtoto wa Kirusi hujifunzia mchezo huu hata ziwani, maji yakiganda. Hawa walijifunzia kiwanja kidogo cha barafu ya mashine, kilichofunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na nchini hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakacheza upande mmoja na mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Wako watakaosema, "Si mila yetu hiyo." Je, leso? Jina lake ni la Kireno, na hata leso za Mali ya Abdulla, chapa ya duka la Kaderdina papo hapo Biashara Street, zilichapwa ng'ambo. Sisi tulizitia maneno yetu, zikawa zetu, harusini na matangani. Kigeni huwa chetu kwa kukitumia. Basi vijana hawa wasichekwe, wapewe uwanja.